Barua ya wazi kwa wauza magari wa Tunduma: Semeni ubovu kabla ya kupokea pesa

Kwa: Wenye yadi, mawakala na madalali wa magari yaliyotumika, Mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), ofisi ya kanda Mbeya, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), Songwe, Kikosi cha Usalama Barabarani, Songwe

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaotuuzia Land Cruiser, Prado, Hilux, Surf, Patrol, Pajero na Defender, magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ambayo yamekwisha kutembea kwingine kabla ya kufika kwetu. Nawaandikia hadharani kwa sababu malalamiko tunayowaletea ofisini na kwenye simu yanagota mahali pamoja kila mara: mstari uliochapwa chini ya risiti zenu, usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi akifika na gari lililokufa, mnamwonyesha mstari huo kwa kidole, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nasema mapema ninachokiamini, ili asiwepo wa kusoma barua hii akitafuta nimesimama wapi. Muuzaji anayejua ubovu wa gari akaufunika hana haki ya kubaki na pesa ya mnunuzi, hata kama risiti yake imeandikwa maneno gani. Na wengi wenu mnajua. Mnaishi na mafundi, mnalala na magari hayo yadini, mnayasikia yakiwashwa asubuhi kukiwa na baridi ya Tunduma. Anayekuja kununua anayaona kwa saa moja tu.

Kabla ya malalamiko, niseme kwa nini gari hili si anasa kwetu. Mkoa huu ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na lami imetufikia kwa sehemu: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yetu, na ile ya Mpemba hadi Isongole, kilomita 50 hivi, imewatoa watu wa Ileje kwenye tope. Lakini ukiiacha lami, ukashuka Kamsamba na Ivuna kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, au ukatafuta vijiji vya ndani vya Mkwajuni na Ngwala, kuanzia Desemba hadi Aprili gari dogo halina kazi. Kinachopita ni hardtop au pickup yenye gia ya kuvuta mbele. Hilo ndilo linalotoa mahindi shambani, linalopeleka saruji na dawa, linalobeba wachimbaji wa dhahabu na mitambo yao, na usiku wa mvua ndilo linalombeba mjamzito aliyeshindwa kujifungulia zahanati. Anayelinunua huwa ameuza ng'ombe, au mavuno ya kahawa, au amechukua mkopo na kuweka nyumba rehani. Likifa mwezi wa pili, rejesho la benki halifi nalo.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Mnajua gari limetoka wapi, na hamsemi.

Tunduma ni mlango. Upande wa pili wa mpaka ni Nakonde, Zambia, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Oktoba 2019 magari yanavuka kwa haraka kuliko zamani. Katika yadi zenu husimama pamoja magari yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, yaliyonunuliwa kwenye minada ya serikali na ya miradi ya wafadhili, yaliyochoshwa na kampuni za utalii kaskazini, na yale yaliyopita kwenye mikono ya watu wanne watano hapa hapa nchini. Yote yanaoshwa, yanapakwa nta, yanawekwa karatasi ileile kwenye kioo: "Safi sana, halijaguswa." Hardtop iliyokimbia kwenye mbuga kwa miaka kumi na ile iliyokuwa ya mkurugenzi wa mradi si gari moja, hata kama zote ni nyeupe na zina mkonga. Mnunuzi ana haki ya kujua anachukua ipi.

Kuna jambo kubwa zaidi hapa. Magari ya IT, yaani ya kupita tu nchini, hutembea zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini hadi kwetu yakienda Zambia, Kongo na kwingineko. Gari la IT halijalipiwa ushuru wa kutumika Tanzania. Lipo pia gari lenye usajili wa Zambia ambalo limeingia kwa kibali cha muda tu. Dalali anapomnong'oneza mkulima kwamba "bei iko chini kwa sababu ya mpaka", anamuuzia kesi. Siku TRA au trafiki wakilikamata, dalali hapatikani, na anayebaki bila gari na bila pesa ni yule mkulima. Wapo miongoni mwenu wanaofanya biashara kwa usafi na wanaowajua wenzao wanaofanya hivi. Kunyamaza kwao kunatuumiza.

2. Kilomita.

Sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anajua. Gari la mwaka 1998 lenye kilomita 84,000, na pedali ya breki imelika mpaka chuma, usukani unang'aa kama umepigwa sandipepa, kiti cha dereva kimezama. Mita imerudishwa nyuma. Wakati mwingine imerudishwa hapa, wakati mwingine ilirudishwa kabla gari halijapanda meli, na hapo ndipo mnapopata kisingizio cha kusema "tulilipokea hivyo".

Kisingizio hicho kina jibu. Gari likiuzwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada, iliyoandikwa na mkaguzi wa mnada, yenye daraja la gari, kilomita zake na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo na kila mbonyeo. Gari lililogongwa likatengenezwa huandikwa R au RA. Cheti cha kulitoa Japani nacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule. Aliyeagiza gari alizipata karatasi hizo, au aliweza kuzipata kwa kuziomba. Nani kati yenu humpa mnunuzi karatasi ya mnada bila kuombwa? Na akiiomba, kwa nini anaambiwa ilibaki kwa wakala Dar es Salaam?

3. Injini iliyotibiwa kwa ajili ya siku ya kuuza tu.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapofilisika.

Fundi yeyote wa dizeli kuanzia Mlowo hadi Tunduma atakwambia injini hizi tabia zake. 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, haina turbo katika umbo lake la kawaida, inavumilia mengi. 1KZ, lita tatu yenye turbo, ile ya Surf na Prado za miaka ya tisini, ina nguvu nzuri lakini silinda hedi yake haitaki kuchemshwa. Ikichemka mara moja vibaya, hupasuka. 1KD iliyokuja baada yake inataka nozeli na dizeli safi. Hizi si siri na si aibu. Mtu anaweza kununua 1KZ akijua, akatenga pesa ya hedi mpya, akaishi nayo vizuri miaka mingi. Aibu ni kuificha.

Na njia za kuificha tunazijua. Thamostati inatolewa ili maji yazunguke muda wote na geji ya joto ibaki chini. Dawa ya kuziba inamwagwa kwenye rejeta ili ufa usivuje kwa wiki mbili tatu. Oili nzito inajazwa ili moshi upungue na mlio wa ndani unyamaze. Taa ya onyo kwenye dashibodi inatolewa balbu. Injini inawashwa na kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika, ili asione moshi mweupe wa asubuhi na asisikie jinsi inavyohangaika kuwaka ikiwa baridi. Kisha jaribio la kuendesha: kutoka yadini hadi kituo cha mafuta na kurudi, barabara tambarare, na kijana wenu ameketi pembeni akisema "mkuu, mafuta ni kidogo."

Injini iliyopasuka hedi haijisemi kwenye tambarare. Inajisema mlimani. Ipeleke ukipandisha mlima Senjele ukiwa na mzigo, gia ya tatu, jua la saa nane, na baada ya dakika chache utajua umenunua nini. Ndivyo nilivyojua mimi. Nilinunua gari la dizeli katika yadi ambayo siitaji hapa, kwa kuwa shauri langu nalo nitalipeleka panapostahili na wenye yadi watapata nafasi ya kujibu. Nilikuja na fundi. Aliruhusiwa kufungua boneti, lakini hakuruhusiwa kufungua kifuniko cha rejeta, eti injini ina moto. Hakuruhusiwa kupima kompresheni, eti wateja wengine wanasubiri. Gari lilipochemka mlimani nikiwa na magunia ya mbolea nyuma, tulilivuta hadi gereji ya Vwawa. Hedi ilipofunguliwa, ufa ulikuwa na kutu ndani yake, na njia za maji zilikuwa zimejaa ule uji wa dawa ya kuziba. Thamostati haikuwepo. Kutu haizaliwi kwa siku chache, na thamostati haitoki yenyewe. Aliyeyafanya hayo alikuwa na gari kabla yangu.

Nilirudi na hedi ikiwa nyuma ya pickup ya rafiki. Nikaonyeshwa mstari wa risiti.

Mnunuzi wa mahindi akifika sokoni Mlowo huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje za katikati, akazitazama, akazitafuna, ndipo akataja bei. Muuzaji anayekataza bambo humwambia kila mtu kilichomo ndani ya gunia lake. Kwenye magari ya mamilioni ninyi mnalikataza bambo kila siku, na mmetuzoesha kuona ni kawaida.

4. Chesisi na gia ya kuvuta mbele.

Magari yanayotoka sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na chumvi hula chesisi kutoka chini. Hapa kwetu sehemu iliyoliwa huchomelewa bati, ikapigwa rangi nyeusi nzito mpaka gari la miaka ishirini na mitano linaonekana jipya uvunguni. Sisi wa barabara za makorongo tunajua mwisho wake: chesisi inakatika penye mashikio ya springi, gari likiwa limebeba watu. Huo si ugomvi wa pesa tena. Ni kifo mnachokiuza mkijua.

Na gia ya kuvuta mbele ndiyo sababu ya mtu kununua gari hili badala ya jingine la bei nusu. Hata hivyo nimekutana na wenye magari ambao waligundua kwenye tope la kwanza kwamba fimbo ya gia ipo, inasogea, lakini shafti ya mbele imetolewa, au difu ya mbele imekufa, au gia nzito haiingii kabisa. Waliowauzia hawakuwaambia. Jaribio la kitu hiki linachukua dakika mbili kwenye udongo wowote laini, na Tunduma haikosi udongo.

5. Risiti pungufu na kadi ya mtu mwingine.

Mnunuzi analipa milioni 28, risiti ya mashine ya kodi (EFD) inatoka milioni 12, na anaambiwa hiyo ni kumsaidia asilipe ushuru mwingi wa kuhamisha umiliki. Siku ya ugomvi, mbele ya hakimu, karatasi inasema alilipa 12. Mnaiibia serikali na mnamfunga mdomo mnunuzi kwa karatasi hiyohiyo. Kadi ya gari nayo huwa na jina la mtu wa tatu ambaye hajawahi kuonekana Songwe, na uhamisho unacheleweshwa mpaka mnunuzi achoke kudai lolote, kwa sababu anaogopa kukorofishana na aliyeshika kadi yake.

6. Sheria haiko upande wa mstari wenu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema katika kifungu cha 16 kwamba bidhaa ikinunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, lipo sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Na mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa hiyo, akautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kifungu cha 15 kinataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. "Halijagongwa" ni maelezo. "Kilomita 84,000" ni maelezo. "Injini haijafunguliwa" ni maelezo.

Najua baadhi yenu mna wakili, na atawaambia kwamba kifungu hichohicho kina mlango: mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kudai ubovu ambao ukaguzi wake ulipaswa kuuona. Ni kweli. Ndiyo maana taa iliyopasuka na tairi lililoisha hatuwadai. Lakini ufa uliozibwa kwa dawa haukupaswa kuonekana na mtu aliyekatazwa kufungua rejeta. Mlango huo mliufunga wenyewe mlipomzuia fundi.

Zaidi ya hapo ipo Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda FCC. Inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo katika biashara, na inahesabu masharti fulani kuwa yamo kwenye mkataba wa mlaji hata kama hamkuyaandika. Na upande wa jinai, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inazungumzia kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Dai la mkataba lina miaka sita kabla ya kupitwa na ukomo. Kwa hiyo mteja mliyemfukuza mwaka jana bado ana muda.

Naongeza jambo la kupima nalo. Uingereza, yanakotoka Defender na Discovery mnazoziuza, sheria ya mlaji ya mwaka 2015 inampa mtu aliyenunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara siku 30 za kulirudisha na kudai pesa yake yote akilikuta na hitilafu iliyokuwemo. Hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi sita, muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa haikuwepo. Wafanyabiashara wa kule hawajafunga yadi.

7. Kusukumiana.

Mwenye yadi anasema gari ni la wakala. Wakala anasema ni la tajiri wa Dar es Salaam. Dalali anasema yeye aliunganisha tu, ingawa kamisheni aliila siku ileile. Mnunuzi anawajua walioipokea pesa yake. Hao ndio anaowadai.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimekisikia. Kodi ni nzito. Kweli: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na gari lisilo la kazi lililozidi miaka kumi limekuwa likiongezewa asilimia 30 kwa ajili ya umri. Gari likifika yadini limebeba mzigo mkubwa wa serikali. Lakini mzigo huo mnatuhamishia wote kwenye bei, na tunaulipa. Hamuwezi kutuuzia kodi kamili na gari nusu. Mtasema pia kwamba gari kuukuu ni gari kuukuu na hakuna awezaye kulihakikishia uzima. Hatuombi uzima wa gari jipya. Tunaomba ukweli wa gari kuukuu. Na mtasema TBS walilikagua. Cheti cha TBS kinahusu kufaa kwa gari kutembea barabarani siku lilipokaguliwa. Hakijamuahidi mtu kwamba hedi haijapasuka, wala hakihusu yale yaliyofanyika yadini baadaye.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa niaba ya wengi ambao wamenieleza habari zao na hawana nguvu ya kuandika.

Kwanza, kila gari liwe na karatasi moja ya Kiswahili, iliyosainiwa na mwenye yadi kwa jina lake, yenye asili ya gari, mwaka wa kutengenezwa, kilomita kama zilivyo kwenye hati za kuliingiza, ajali zinazojulikana, matengenezo yaliyofanyika yadini na ubovu unaojulikana. Gari la Japani liambatane na karatasi ya mnada. Isipokuwepo, iandikwe kwamba haipo, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Pili, fundi wa mnunuzi apewe gari likiwa baridi. Afungue rejeta, apime kompresheni, aingie uvunguni akiwa na nyundo ndogo, aingize gia ya kuvuta mbele na gia nzito kwenye udongo. Kisha gari lipelekwe mlimani. Mnunuzi aweke mafuta yake. Yadi itakayokubali hili leo itajaa wateja kesho. Naisema hii kwa sababu kila ninayezungumza naye kuhusu gari ananiuliza swali hilohilo: ni yadi ipi ya Tunduma inayoruhusu fundi?

Tatu, siku 30 za dhamana kwa injini, giaboksi, difu na chesisi. Ubovu mkubwa ukijitokeza ndani ya muda huo, na fundi asiye wa upande wowote akathibitisha ulikuwepo kabla ya mauzo, muuzaji atengeneze kwa gharama yake au arudishe pesa. Fundi huyo akubaliwe na pande zote mbili mapema, jina lake likiwa kwenye mkataba.

Nne, risiti ya EFD iwe na bei halisi, na pesa yote isikamilishwe kabla uhamisho wa kadi haujaanza TRA. Mkiandika milioni 12 wakati mmepokea 28, mnunuzi ana haki ya kukataa gari palepale.

Tano, ule mstari uondolewe kwenye risiti. Kama mnahitaji kuandika kitu mahali pake, andikeni namba ya simu ya ofisi ya FCC Mbeya.

Kwenu FCC: msisubiri mlaji wa Kamsamba aifuate ofisi Mbeya. Njooni Tunduma, ingieni yadini bila taarifa, someni risiti, ulizeni karatasi za mnada. Siku ya Haki za Mlaji, tarehe 15 Machi, ifanyieni hapa mpakani mwaka mmoja, mbele ya yadi hizi, na malalamiko yapokelewe mezani palepale. Kwenu TRA: risiti pungufu za magari mnaweza kuzikamata bila kutoka ofisini, kwa kulinganisha bei iliyoandikwa na thamani mliyoitumia wenyewe kutoza ushuru. Kwenu trafiki: mnayaona magari yaliyochomelewa chesisi kila siku kwenye vizuizi vya barabara kuu. Aulizwe pia aliyeliuza, si dereva peke yake.

Kwenu wenye yadi ambao hamfanyi haya, na mpo, nawaomba mjitenge hadharani. Kubalianeni masharti haya, yabandikeni getini, na mtujulishe. Nitakuwa wa kwanza kuwaleta wateja, na wengine niliozungumza nao wameahidi hivyohivyo.

Wakulima wa Mbozi wataanza kushika pesa za mahindi na kahawa kuanzia Juni, na wengi wao tayari wanazungumza habari za gari. Naomba tukutane kabla ya hapo, kwenye ukumbi wowote wa Tunduma mtakaouchagua, tukiwa na mafundi wawili watatu na afisa kutoka Mbeya. Nitakuja na hati zangu, na nimewaomba wenzangu waje na zao. Msipojibu, hati hizo zitapelekwa FCC kwa pamoja, kila moja ikiwa na jina la yadi na la dalali aliyehusika, na nakala itabaki Mahakama ya Wilaya.

Wenu katika kutafuta haki,

Mkulima na msafirishaji wa mazao,
Vwawa, Mbozi